Usiwape mwongozo kabla ya riwaya

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha fasihi nilikuwa naianza riwaya vibaya. Naingia kidato cha tatu, naandika ubaoni mwandishi, dhamira, wahusika na sifa zao, wanafunzi wananakili. Kufikia Ijumaa wanajua nani atakufa, na hakuna aliyebaki na hamu ya kufungua kitabu. Wengi waliishia kusoma mwongozo tu, kile kijitabu cha muhtasari na uchambuzi wa riwaya. Kosa lilikuwa langu.

Nilibadilika tulipoanza Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 2012, wakati ilipokuwa ikitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Siku ya kwanza hatukuifungua. Niliandika anwani ubaoni nikauliza, "Mnaona nini?" Kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo -m- ni ya mtu." Nikamwambia aendelee. "Haikusema kidagaa kimeoza. Kimemwozea. Kuna mtu kimemharibikia, na -me- inaonyesha tayari imetokea." Wenzake wote wakageuka kumtazama. Tangu hapo ikawa mabishano hadi kengele: mtu huyo ni nani? Alikiweka wapi hadi kikaoza? Mmoja akasema kidagaa ni kisamaki kidogo, basi huenda ni jambo dogo lililopuuzwa.

Tukaja kwenye majina ya wahusika. Majisifu hakuwasumbua. Lakini kuhusu Mtemi Nasaba Bora, kijana mmoja aliandika kwamba atakuwa kiongozi mwema, kwa kuwa ni "bora". Ulimi uliniwasha kumsahihisha, nikanyamaza. Hapa ndipo walimu wengi tunapowakatia watoto raha ya kusoma: tunawapokonya kosa lao kabla kitabu hakijawaonyesha.

Kisio lolote linaandikwa daftarini pamoja na neno lililolizaa. Asiye na neno anarudi kwenye ukurasa kulitafuta. Hili silegezi hata kidogo, maana anayesema "nahisi tu" anabahatisha. Nyumbani na mtoto mdogo, picha ya jalada inatosha: mwulize anadhani nini kitatokea, na amekiona wapi.

Yule kijana alipofika kwenye ukatili wa mtemi, alifungua daftari bila kuambiwa. Akalikata neno "mwema" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Kwani hilo jina alijipa mwenyewe?"