Maswali na majibu: mhusika aliyefiwa

Mhusika wangu mkuu ni mcheshi. Katika sura ya nne anafiwa na dada yake, nami nikamfanya mkimya hadi mwisho. Waliosoma rasimu wanasema hawamtambui tena. Tatizo liko wapi?

Dada amekufa, na kaka naye umemwondoa hadithini. Msiba haumpi mtu tabia mpya siku hiyo hiyo. Huibana ile aliyokuwa nayo. Mcheshi aliyefiwa bado huona la kuchekesha, hata siku ya mazishi, na huenda akajichukia kwa kuliona. Kinachobadilika ni kazi ya utani wake. Zamani aliwatania watu ili wamsogelee. Sasa anawatania ili wasimuulize hali. Au anatoa mzaha, kisha macho yanamtafuta yule aliyezoea kucheka wa kwanza.

Rudi kwenye sura zile tatu za mwanzo. Orodhesha anayoyafanya bila kufikiri: anavyosalimia, anavyokasirika, anayoyakwepa. Halafu jiulize ni yapi yalimhitaji dada ili yakamilike. Hayo ndiyo yatakayovunjika. Mengine yaache kama yalivyo, hata yale yanayoudhi. Ukimya nao unafaa, mradi uwe na mahali pake: pengine kuna utani mmoja waliokuwa nao wawili tu, na huo hautamki tena.

Je, nimpitishe katika zile hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali?

Nakusihi usifanye hivyo. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuzitumia kwa wafiwa kulikuja baadaye. Ukizipanga kama ngazi, msomaji atajua hasira inakuja kabla hujaiandika. Mimi navutiwa zaidi na maelezo ya watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara anauelekea msiba, mara anayaelekea maisha yanayomdai. Kwa mwandishi hiyo ni hazina, kwa sababu safari hiyo yote inaenea katika onyesho moja. Mama anajaza fomu ya shule ya mwanawe mdogo, kwa makini kabisa, mpaka anafika kwenye nafasi ya kuandika idadi ya watoto.

Lazima alie?

Hapana. Kama hakuwa mtu wa kulia, mpe kazi ya mikono.

Miaka sita imepita na mjane wangu bado anazungumza na marehemu mumewe. Msomaji hatamwona kama amekwama?

Kuendelea kuwa na uhusiano na marehemu si dalili ya kukwama. Wanaochunguza majonzi wamelieleza hilo waziwazi tangu miaka ya 1990. Mwache azungumze. Ila mazungumzo yenyewe yasibaki palepale. Mwaka wa kwanza anamlaumu kwa kumwacha. Baadaye anampa habari za watoto. Mwaka wa sita anataka kuuza nyumba, anajua kabisa mumewe angekataa, anabishana naye usiku kucha kwa ukaidi ule ule aliokuwa nao tangu ukurasa wa kwanza, na asubuhi anaiuza.