Anko wa Gereji: Unaendesha pikipiki gani, na kwa nini hiyo?

Toleo lililopita niliwauliza swali moja tu, pikipiki unayoendesha ni ipi na kwa nini hiyo na sio nyingine. Nilijua zitakuja meseji mbili tatu za watu wa Boxer wakirushiana maneno na watu wa TVS basi, kumbe simu imejaa mpaka imeanza kugoma. Nimechagua chache, matusi nimeyatoa. Halafu kitu kingine, mtu akisifia pikipiki yake jina nimeliacha, akilalamika jina nimelikata, sitaki kuitwa polisi kwa ajili ya klachi ya mtu.

Anko shikamoo. Mi niko kijiwe cha Mabatini hapa Mwanza, naendesha Boxer BM 150. Kabla ya hapo nilikuwa na ya cc 100, kwenye tambarare haina shida kabisa na mafuta ilikuwa inanusa tu, ila we si unaijua Mwanza, abiria anakwambia nipandishe Bugando au anaishi kule juu kwenye mawe na ana gunia la mkaa na mtoto mgongoni, unaweka gia ya kwanza pikipiki inalia mpaka abiria mwenyewe anaona huruma anashuka anatembea. Hii 150 inapanda na gia ya pili haina habari. Sasa wenzangu wenye TVS wanasema yao ndo inakula mafuta kidogo na kiti kirefu, na ugomvi hapa kijiweni hauishi. Anko tuamulie leo, Boxer au TVS?
(Dereva boda, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Siamui, nikiamua nitagawanya kijiwe. Ila ntakwambia hivi, hizo zote ni za Wahindi, Boxer ni ya Bajaj wa Pune na TVS kiwanda chao kiko Hosur huko Tamil Nadu, zote silinda moja, zote zinapozwa na upepo, na fundi anayejua kufungua moja hashindwi nyingine. Yako ukisoma karatasi ya kiwandani ni cc 144.8, TVS HLX 125 ni cc 124.5, kwa hiyo kwenye mlima lazima umwache kidogo, hapo hamna miujiza. Ila mwenzako akitaka kukufikia sio lazima auze pikipiki, abadilishe sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Ya mbele akipunguza jino moja au ya nyuma akiongeza mawili matatu, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta, spidi ya mwisho ndo inapungua, na huko kwenye mawe nani anahitaji spidi ya mwisho.

Na kwa watu wa milima wote, hebu acheni kuweka oili ya gari. Najua ni rahisi kuipata na muuzaji anakuapia ni ileile. Sio ileile. Klachi ya pikipiki zetu hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za gari za siku hizi zimewekwa dawa ya kufanya vyuma viteleze zaidi, sasa klachi ikiteleza kwenye mlima wa Bugando na abiria wawili (na najua mnapakia mishikaki, msinidanganye) unafikiri pleti zitadumu? Angalia kopo limeandikwa JASO MA au MA2, hiyo ndo alama ya oili ya pikipiki. Halijaandikwa, rudisha.

Mimi binafsi kabla sijatazama jina kwenye tanki natazama duka la spea lililo karibu. Kama plagi, kebo ya klachi na breki shuu zake zinauzwa kwa Mangi hapo chini usiku saa mbili, hiyo ndo pikipiki nzuri kwa mtaa huo, hata kama mtaa wa pili wanaicheka.

Habari Anko, mi ni dada wa Dar, nafanya kazi Posta na naishi Kimara. Naendesha skuta ya otomatiki cc 125, sababu ni foleni ya Morogoro Road, mwendokasi nikiisubiri asubuhi nafika kazini nguo zimekunjamana kama nimezilalia. Skuta haina gia, navaa sketi yangu nakaa vizuri, mkoba na viatu vya ofisini vinaingia chini ya kiti. Wanaume wa mtaani wanaiita pikipiki ya mezani mi sijali. Tatizo siku hizi nikiondoka kwenye taa inalia ngurumo kwanza halafu ndo inavuta, fundi wa kwanza kasema injini, wa pili kasema kabureta, nimechoka kulipa.
(Dada wa Kimara)

Dada yangu, usilipe tena. Skuta yako haina cheni, ina mkanda, na huo mkanda unapita kwenye puli mbili ambazo zinabadilika ukubwa zenyewe kadiri spidi inavyopanda, ndo maana huna gia. Injini ikinguruma na gari haliendi (samahani, skuta haiendi) mara nyingi mkanda umekwisha au zile rola za ndani ya puli ya mbele zimelika upande mmoja. Hao mafundi wawili nadhani wamezoea pikipiki za cheni, kila ugonjwa wanautafuta kwenye kabureta. Mwambie fundi afungue kava la kushoto akuonyeshe mkanda kwa macho yako, ukiwa na nyufa au umekonda, tupa. Kitabu cha skuta nyingi kinataka ubadilishwe kwenye kilomita 20,000 na ushee. Ukikatika njiani haina kusukuma kidogo wala nini, umeishia hapo hapo.

Halafu siku Jangwani pakijaa maji usijipe moyo kwa sababu umeona boda wamevuka. Maji yakiingia kwenye lile kava mkanda unateleza na unabaki katikati ya mto na viatu vyako vya ofisini. Na njia ya mwendokasi usiingie, wewe ni mwalimu wa wengine barabarani bila kujua.

Ndugu mwandishi, mimi ni bwana shamba mstaafu, Njombe. Ninayo Yamaha AG 100 niliyoinunua kwenye mnada idara ilipokuwa inauza mali chakavu. Nimeipenda kwa sababu imetengenezwa na mtu aliyewahi kufika shambani: cheni yote imefunikwa matope hayaingii, keria iko mbele na nyuma, nabeba mbolea na miche ya parachichi kwa pamoja. Vijana wananiambia ule moshi wa bluu maana yake injini imekufa. Na fundi anataka aondoe pampu ya oili niwe nachanganya mwenyewe kwenye mafuta. Nishauri.
(Mzee, Njombe)

Shikamoo mzee. Hao vijana wamezaliwa kwenye fostroku. Yako ni tustroku, inachoma oili yake makusudi, kwa hiyo moshi kidogo asubuhi, na hasa baridi ya huko kwenu ya Juni na Julai, ni uzima sio ugonjwa. Ungeniambia moshi ni mwingi hata injini ikishapata moto na oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja chini, hapo ningesema sili ya kreki imekwisha inanyonya oili ya giaboksi, ni kazi ya kufungua injini lakini sili yenyewe ni kitu kidogo. Pampu usikubali iondolewe kama inafanya kazi. Ukianza kuchanganya kwa mkono siku moja utasahau, au atasahau mjukuu aliyetumwa kujaza, na tustroku bila oili pistoni inanata kwenye silinda kabla hujamaliza kijiji. Jaza oili ya 2T kwenye tanki lake, angalia mpira wake haujapasuka, basi. Na ukichoka nayo mzee, mimi nipo.

Mie niko Unguja, nna Vespa PX ya baba yangu, gia mkononi, na tairi ya akiba iko ubavuni. Kwa nini Vespa? Kwa sababu ni Vespa. Ntauzaje?
(Mwana wa Mchangani)

Hapo swali hamna na jibu hamna. Wewe pambana na kutu tu, kila ukitoka pwani mwagia maji baridi yasiyo na chumvi chini ya pale pa kuwekea miguu, bodi lake lote ni bati, likioza pale ndo fremu yenyewe imeoza.

Mambo Anko, mi niko Kawangware, Nairobi. Niliuza nduthi yangu ya petroli nikachukua ya stima. Steji walinicheka sana ati nimenunua toy, saa hii wao ndio wananiuliza inakaaje. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna kabureta, betri ikiisha naingia kwa stesheni wananibadilishia naenda zangu. Shida ni kwenda ushago, huko hakuna mahali pa kubadilisha, so Krisimasi napanda matatu kama watu wengine. Na haina sauti, watu wanavuka barabara hawakusikii.
(Wa steji)

Piga honi ndugu yangu. Hizi za umeme zinanivutia, kampuni ya Ampersand walianza biashara yao Kigali mwaka 2019 na sasa wako na huko kwenu, na Roam wa hapo hapo Nairobi betri yao unaweza kuitoa ukaichaji nyumbani. Kwa wanaoniuliza kama wanunue: kwenye mpango wa kubadilisha betri, betri kwa kawaida sio yako, yako ni pikipiki tu, kwa hiyo hesabu vituo vilivyo kwenye njia zako kabla ya kuhesabu hela ya petroli utakayookoa.

Anko za kazi. Mi kijana wa Kahama, sijanunua bado ila nataka kuingia kwenye boda. Kuna tajiri anatoa pikipiki mpya ya Kihindi kwa mkataba, nampelekea hesabu kila siku mpaka muda ukiisha inakuwa yangu. Na kuna jamaa anauza ya Kichina iliyotumika, keshi, hela ninayo kidogo nakopa nyingine kwa mama. Watu wanasema Mchina ni takataka ila mjomba wangu amepiga nayo kazi njia ya Kakola miaka na haijawahi kufunguliwa injini. Nichukue ipi?
(Kijana, Kahama)

Mjomba wako hajakudanganya. Nyingi ya zile za Kichina za cc 125 na 150 injini yake ni mtoto wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Honda waliiunda kwa ajili ya nchi ambazo watu wanapakia sana na wanasahau kumwaga oili, yaani sisi, kwa hiyo wakaondoa taimingi cheni wakaweka vyuma viwili vya kusukuma vavu, pushirodi, havilegei na havihitaji uangalizi mwingi. Wachina wakaichukua ile ramani. Tatizo sio ramani, ni chuma: kiwanda kimoja anaweka bearingi nzuri, mwingine anaweka ya kuishia mwezi wa tatu, na kwa nje huwezi kuona. Kwa iliyotumika una bahati moja, mbovu zishakufa, iliyobaki hai imeshajionyesha.

Nenda kaiangalie asubuhi kabla hajaiwasha, shika injini iwe ya baridi. Ukiikuta ya moto ujue alikuwa anaipasha kuficha jambo. Piga kiki, tazama ekzosi. Nyanyua nyuma kwa standi kubwa utikise tairi kushoto kulia, likicheza bushi zimekwisha. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizo kwenye kadi, kisha kadi yenyewe iwe na jina la huyo anayekuuzia, sio la mtu wa nne huko nyuma ambaye "yuko safari".

Huo mkataba nao sio mbaya ila uandikwe, hesabu ya siku shilingi ngapi, muda gani, siku pikipiki ikiwa gereji unalipa au hulipi, ikiibiwa ni hasara ya nani, msaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nimeshaona kijana anabakiza wiki chache pikipiki inachukuliwa kwa sababu ya siku mbili za malaria. Tajiri akikataa kuandika, chukua ya Mchina. Akikubali, chukua mpya, na hela uliyotaka kukopa kwa mama usikope, iliyopo weka leseni, kibali cha LATRA cha kubeba abiria na helmeti mbili.

Toleo lijalo tunaongelea helmeti hizo hizo, abiria wa kike mnaosema zinaharibu nywele andikeni mapema, na madereva mseme lini mara ya mwisho mliifua ile sponji ya ndani.