Linux ndani ya VirtualBox haipati intaneti? Usiifute kwanza

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kutoka kwa vijana wanaoanza kujifunza Linux huwa hivi: "Kaka, Ubuntu imekataa kabisa intaneti, naifuta nianze upya." Ombi langu kwa yeyote aliyefikia hapo: usiifute. Ukiifuta unafuta na ushahidi, na tatizo utalikuta palepale, kwa sababu mara nyingi halimo ndani ya Linux. Limo kwenye dirisha la mipangilio ya VirtualBox, au kwenye Wi-Fi uliyojiunga nayo, au hata kwenye saa.

Nitazungumzia VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya laptop yako, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoanza nayo, na Ubuntu Server ndani yake, yaani Linux ya Ubuntu inayotumiwa kwa kuandika amri. VMware, programu nyingine ya aina hiyo, ina majina yake kwa vitu hivihivi, lakini utaratibu wa kutafuta tatizo haubadiliki. Laptop yako nitaiita mwenyeji, na Linux iliyo ndani nitaiita mgeni.

Mgeni anaamini amechomekewa kebo. Hajui kama laptop iko kwenye Wi-Fi ya ofisi, kwenye hotspot ya simu, au haina mtandao wowote. Kadi yake ya mtandao imetengenezwa na programu, na mara nyingi hata ruta anayoiona upande wa pili ni programu. Kwa hiyo ukiniambia "mtandao haupo", nitakuuliza umekatika kipande gani, na nitataka tuanze na kipande kilicho karibu zaidi.

Anza na mwenyeji mwenyewe. Fungua kivinjari kwenye laptop, ingia kwenye tovuti ambayo hujaitembelea siku hiyo. Wi-Fi za hoteli, vyuo na ofisi nyingi hukuletea kwanza ukurasa wa kuingiza namba au nywila, na kabla hujapita hapo hakuna kinachotoka. Likiwa sawa hilo, nenda kwa mgeni, andika:

ip -br link
ip -br addr

Utaona lo, ambayo ni mashine kuzungumza na nafsi yake, na nyingine yenye jina kama enp0s3. Ukikuta NO-CARRIER, kebo ya kufikirika imechomolewa: kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine hiyo kuna kisanduku cha "Cable Connected", kitie alama. Ukikuta DOWN bila NO-CARRIER, kadi ipo lakini hakuna aliyeiwasha. Hili huwapata sana walioongeza kadi ya pili baada ya kumaliza kusakinisha. Inatokea enp0s8 ambayo haimo kwenye faili la mipangilio ya mtandao lililo ndani ya /etc/netplan, basi Ubuntu Server inaiacha ilale. Iongeze kwenye faili hilo, ukiweka nafasi za kawaida wala si Tab, maana YAML, mtindo ambao faili hilo limeandikwa, haikubali Tab. Kisha tumia sudo netplan try badala ya netplan apply. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani, na hilo litakuokoa siku ambayo mashine unaifikia kwa SSH tu, yaani kwa kuandika amri ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

Sasa tazama anwani, kwa sababu inakueleza umechagua aina gani ya muunganisho hata kabla hujafungua mipangilio. Ukiona 10.0.2.15, uko kwenye NAT, ambapo mgeni anatoka nje kwa kupitia mtandao wa laptop, na ambayo VirtualBox hukuwekea yenyewe usipobadilisha. Lango lako, yaani anwani unayopitia kutoka nje, ni 10.0.2.2. Ukiona 192.168.56 na namba baada yake, uko kwenye Host-only, na hapo hakuna njia ya kwenda nje kabisa. Umejengewa chumba cha wewe na laptop yako. Ukiona anwani inayofanana na za simu na laptop nyingine zilizo kwenye Wi-Fi ileile, uko kwenye Bridged, ambapo mgeni anajiunga na mtandao huo kama kifaa kinachojitegemea.

Kwenye NAT kuna jambo linalowachanganya wengi, na nalieleza kwa urefu kwa kuwa limewapotezea watu jioni nzima. Ukiwasha mashine mbili, zote mbili zitakuwa na 10.0.2.15. Hapo hakuna mgongano. Kila mgeni amewekewa ruta yake peke yake, na hakuna mlango kati ya ruta hizo mbili. Ndiyo maana mashine ya kwanza haiwezi kuifikia ya pili, na laptop nayo haiwezi kuingia kwa mgeni mpaka umfungulie poti, yaani mlango wenye namba kwenye ruta yake. Ukitaka wageni waonane na bado wapate intaneti, kuna chaguo jingine linaloitwa NAT Network. Jina linakaribiana mno na NAT, lakini tabia ni tofauti, na inabidi uutengeneze mtandao huo kwanza kwenye zana za VirtualBox ndipo uuchague.

Bridged ndiyo inayopendekezwa sana kwenye video za mafunzo, na ndiyo ninayowashauri wanaotumia Wi-Fi waikwepe. Kwa kebo halisi iliyochomekwa kwenye ruta ya nyumbani inafanya kazi vizuri. Kwa Wi-Fi, ruta inamtambua aliyejiunga kwa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, ya laptop, na mgeni ana MAC yake nyingine. VirtualBox inajaribu kulizunguka hilo kwa kubadilisha MAC kwenye kila pakiti inayotoka. Kama itafaulu au la inategemea kadi yako, dereva wake, na ruta unayoongea nayo. Ndiyo maana mtu anakwambia kwa uhakika kabisa, "Jana nyumbani ilikuwa inafanya kazi, leo ofisini imegoma, na sijagusa kitu." Anasema kweli, kilichobadilika ni ruta. Isitoshe, kwenye Wi-Fi yenye ukurasa wa kuingia, mgeni aliye kwenye Bridged huhesabiwa kama kifaa kingine kinachotakiwa kuingia chenyewe, na Ubuntu Server haina kivinjari cha kufungua ukurasa huo. Aliye kwenye NAT anapita nyuma ya laptop ambayo tayari imeruhusiwa.

Mpangilio ninaoupendekeza mimi ni huu: kadi ya kwanza NAT kwa ajili ya intaneti, kadi ya pili Host-only kwa ajili ya kuingia kwa SSH kutoka kwenye laptop. Unafanya kazi nyumbani, ofisini, kwenye hotspot, na SSH inaendelea kuwepo hata umeme ukikatika na ruta ikazima, alimradi laptop ina chaji.

Ila kadi mbili zina mtego wake. Andika:

ip route

Unatakiwa uone mstari mmoja unaoanza na default, unaopitia 10.0.2.2. Kuna watu wanapoiwekea ile kadi ya Host-only anwani ya kudumu, wanaiwekea na lango, kwa sababu mafunzo waliyofuata yalikuwa na mstari wa lango. Sasa kuna njia mbili za kutoka, na Linux hufuata yenye metric (namba ya kipaumbele) ndogo zaidi. Ikiangukia ile ya 192.168.56.1, pakiti zinapelekwa mahali ambapo hakuna wa kuzipokea na kuzisogeza mbele. Ondoa lango kwenye kadi ya Host-only, halihitajiki.

Anwani ikiwepo na njia ikiwepo, jaribu kutoka nje kwa namba, usitumie jina bado. Wengi hukimbilia ping, lakini kwenye NAT ya VirtualBox ping inaweza kukataa huku mtandao ukiwa mzima, kwa kuwa ICMP, aina ya ujumbe ambayo ping hutumia, haiungwi mkono kikamilifu humo. Traceroute, ile amri ya kuonyesha njia ambayo pakiti zinapita, ndiyo usiitegemee kabisa. Napenda hii:

curl -I http://1.1.1.1

Ikirudisha jibu lolote la HTTP, hata kama ni la kukuelekeza kwingine, mtandao upo. Kama namba inajibu na jina halijibu, shida ni DNS tu, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Thibitisha kwa getent hosts ubuntu.com, halafu resolvectl status ikuonyeshe mgeni anauliza majina kwa nani. Usishtuke kukuta 127.0.0.53 ndani ya /etc/resolv.conf, hiyo ni huduma ya systemd-resolved na iko mahali pake. Wanaoifuta na kuandika 8.8.8.8 kwa mkono wanapata nafuu ya muda, kisha faili linaandikwa upya na wanaanza tena.

Chanzo cha kawaida cha DNS kufa kwa mgeni ni kuhama. Umeiwasha mashine ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, ukafunika laptop, ukafika nyumbani ukaendelea kwa hotspot. Kwa kawaida NAT ya VirtualBox humpa mgeni anwani zilezile za DNS anazotumia mwenyeji, na mgeni anaweza kubaki akiuliza seva ya ofisini ambayo haifikiki tena. VPN kwenye laptop, yaani njia ya siri ya kupitisha mtandao kwenye seva nyingine, inaweza kuleta hali hiyohiyo. Zima mashine, kisha kwenye laptop andika hivi, ukiweka jina la mashine yako:

VBoxManage modifyvm "ubuntu1" --natdnshostresolver1 on

Kuanzia hapo maswali ya majina yanajibiwa kupitia laptop, ambayo inajua iko mtandao gani kwa sasa.

Nakuomba pia uiangalie saa, maana inadanganya watu kwa namna ya pekee. Ukirudi kwenye snapshoti (hali ya mashine uliyoihifadhi) ya wiki iliyopita, au ukiiamsha mashine uliyoiacha imelala, saa ya mgeni inaweza kubaki nyuma. Curl inalalamika kwamba cheti cha tovuti bado hakijaanza kutumika, na apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, inakataa orodha za vifurushi kwa kusema Release file is not valid yet. Anayesoma haraka anaona "imeshindwa kupakua" na kurudi kuhangaika na kadi. Andika timedatectl, linganisha na simu yako. Ikiwa nyuma, kwenye matoleo ya Ubuntu yanayotumia systemd-timesyncd, sudo systemctl restart systemd-timesyncd mara nyingi inatosha.

Na wale mnaojenga maabara ndogo kwa kunakili mashine moja mara tatu nne, kuna kisa cha kijana niliyekuwa naye. SSH yake ilikuwa inakatika kila baada ya muda kwenye Bridged ya kebo. MAC za mashine zote zilikuwa tofauti, kwa hiyo alikuwa ameshaondoa wazo la mgongano. Tulipoandika ip -br addr kwenye kila moja, zote zilikuwa na anwani ileile. Ubuntu Server haijitambulishi kwa ruta kwa MAC peke yake. Inatumia utambulisho unaotokana na faili la /etc/machine-id, na nakala zote zilikuwa zimebeba faili moja. Ruta iliona mteja mmoja, ikatoa anwani moja. Kwenye kila nakala, fanya hivi kisha uwashe upya:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

Mfumo utajitengenezea utambulisho mpya. Ukipenda, unaweza kuandika dhcp-identifier: mac kwenye netplan, ruta itambue kwa MAC.

La mwisho linawahusu wanaotumia bando. Windows inaweza kujua kwamba hotspot yako inahesabiwa MB na ikajizuia kupakua masasisho, lakini taarifa hiyo haimfikii mgeni. Yeye anaona kebo, basi anasasisha kwa raha zake. Ukiwa kwenye hotspot, andika sudo snap refresh --hold ndani ya Ubuntu ili kusimamisha masasisho ya programu za snap, na ukifika kwenye mtandao usio na kikomo uiondoe kwa --unhold. Kwa masasisho ya apt yanayojiendesha, simamisha huduma ya unattended-upgrades kwa muda huo, lakini usiyaache yamezimwa moja kwa moja.