Semina ya siku moja haimfanyi muuguzi kuwa mchunguzi wa matiti

Swali: Mimi ni muuguzi msimamizi wa idara ya wagonjwa wa nje. Nimepewa jukumu la kuandaa mafunzo ya siku moja ili wauguzi wetu wahamasishe wanawake kuchunguzwa saratani ya matiti. Nimepanga mada ya kujichunguza matiti kila mwezi, vipeperushi vya kugawa, na mtihani mmoja kabla ya semina na mwingine baada yake. Kuna mfanyabiashara pia anayeomba nafasi ya kuonyesha kifaa kinachopima matiti kwa joto la mwili. Je, mpango huu unatosha?

Jibu: Hautoshi, muuguzi mwenzangu, na huyo mfanyabiashara mnyime nafasi. Nitamfikia. Kinachoniudhi zaidi ni ile mada ya kwanza, maana naikuta karibu katika kila ratiba ninayoletewa niipitie. Muuguzi anafundishwa kuwafundisha wanawake kujipapasa kila mwezi, kisha zoezi hilo linaitwa uchunguzi wa saratani. Mwanamke anaondoka akiamini amekwisha kupimwa.

Jambo hili lilifanyiwa utafiti mkubwa huko Shanghai. Kuanzia 1989, wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa kujichunguza, likakumbushwa na kusimamiwa kwa miaka kadhaa. Matokeo ya mwisho yalitoka 2002: waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa 135 katika kundi lililofundishwa na 131 katika lile lisilofundishwa. Tofauti iliyoonekana ni kwamba waliofundishwa waligundua vivimbe vingi zaidi visivyo saratani, wakaishia kutolewa vinyama ambavyo havikuwa na haja ya kutolewa.

Mwanamke ayajue matiti yake, tena vizuri, ili badiliko likitokea alitambue na aje mapema. Hilo nalifundisha mwenyewe. Ila kulitambua badiliko ni mwanzo tu wa safari, na semina nyingi zinaishia hapo hapo.

Wauguzi wako waelewe kwanza kwamba kuna kazi mbili hapa. Kumchunguza mwanamke asiye na dalili yoyote ni kazi moja, na kipimo chake ni mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri ifanyike kila baada ya miaka miwili kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, pale ambapo mfumo wa afya una uwezo wa kuiendesha kwa mpangilio. Kumpokea mwanamke aliyekuja na dalili ni kazi nyingine, na huyu hahitaji kuhamasishwa: anahitaji kushughulikiwa. Pale ambapo mfumo ni dhaifu, shirika hilo hilo linataka kazi hii ya pili itangulie. Malengo liliyoyaweka 2021 yanaonyesha uzito wake: angalau asilimia 60 ya saratani zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Muuguzi anagusa yote matatu.

Basi siku yako itumie kwenye dakika zile mwanamke anapoketi mbele ya muuguzi na kusema, "Nimegusa kitu." Hapo ndipo wagonjwa wanapopotelea. Anaulizwa kama kinauma; akisema hakiumi, anaambiwa ni homoni, arudi kikizidi. Saratani nyingi za matiti zinapoanza haziumi kabisa! Au anaulizwa kama mama yake aliugua, na akijibu hapana anatulizwa, ilhali wengi wanaougua hawana historia hiyo katika familia. Mama anayenyonyesha mwenye titi jekundu lililovimba anapewa antibayotiki, anarudi, anapewa nyingine. Ni kweli mara nyingi huwa ni maambukizi. Lakini titi lisilopona kwa dozi moja iliyokamilika linahitaji rufaa, kwa kuwa ipo saratani inayojionyesha hivyo hivyo. Mwanamume mwenye uvimbe nyuma ya chuchu naye anachekwa na kurudishwa nyumbani, na saratani ya matiti huwapata wanaume pia.

Na hili walikariri: picha safi ya mamografia haifuti uvimbe unaogusika. Uvimbe huo bado unadai kipimo cha ultrasaundi, na mara nyingi sindano ya kutoa kinyama kidogo cha kupimwa.

Upapasaji wenyewe haufundishwi kwa picha za ukutani. Tafuta matiti ya silikoni yenye vivimbe vilivyofichwa. Kila muuguzi atumie sehemu laini za vidole vitatu vya kati, akandamize kwa nguvu ya viwango vitatu, ashuke mstari baada ya mstari kuanzia mfupa wa mtulinga, na asiliache kwapa. Hesabu alivyovipata, na hesabu pia alivyovizua. Mikono iliyofundishwa vizuri ina manufaa: huko Mumbai, utafiti ulioanza 1998 na kufuatiliwa kwa miaka 20 uliwatumia wahudumu wa afya wa ngazi ya msingi kupapasa matiti ya wanawake kila baada ya miaka miwili, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Hao hawakutoka kwenye semina ya asubuhi hadi jioni.

Mtihani wa kabla na baada ubaki ukipenda, lakini usiutumie kama ushahidi kwamba mafunzo yamefaulu. Alama hupanda jioni ya semina hata kama hakuna kitakachobadilika kesho yake. Fungua daftari la rufaa: nani alikuja na nini, alitumwa wapi, alifika lini, majibu yalitoka lini. Lipitie baada ya miezi sita.

Sasa huyo mwenye kifaa cha joto. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba kipimo cha joto kisitumike badala ya mamografia. Mwanamke anayeambiwa na mashine hiyo kuwa yuko salama anapoteza miezi, na aliyemuuzia hatakuwepo majibu halisi yatakapotoka. Kwangu mimi, huyo hana tofauti na muuza mafuta ya kuyeyusha uvimbe wala mtu anayepaka dawa kali inayounguza ngozi ya juu huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake.

Wote hawa hutegemea uvumi mmoja, kwamba saratani ikiguswa na sindano au kisu inasambaa. Uvumi huo nausikia hata kwa wauguzi, na nausikia kwa uchungu. Kinyama kinachotolewa kwa sindano ndicho kinachosema kama ni saratani, ni ya aina gani, na kama itaitikia dawa za homoni. Vivimbe vingi vinapopimwa hukutwa si saratani, nalo hilo mwanamke aambiwe kabla hajachomwa. Aliyekataa sindano, akaenda kupaka dawa na kurudi mwaka mmoja baadaye saratani ikiwa imefika kwenye ini au mifupa, ataamini kwamba hospitali ndiyo iliyoisambaza, na jirani zake wataamini hivyo pia. Kwa hiyo muuguzi asimwachie mwanamke karatasi ya rufaa mkononi kisha akaita anayefuata. Amwulize amesikia nini kuhusu sindano, amjibu hapo hapo, na amwandikie tarehe ya kurudi.