Kwa vijana mnaofunga darubini kwenye SAR

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya mstari pale renji, uwanja wa kufyatulia risasi, nikiwatazama askari wapya wanne. Watatu walikuwa na darubini juu ya SAR zao, zile bunduki za SKS, na zote tatu zimefungwa kwenye kifuniko cha juu cha mitambo. Tumbo lilinikata. Wanangu, mmetoka chuo cha wanyamapori Pasiansi juzi tu, bunduki hii mnaifungua na kuifunga gizani. Mnajua kifuniko kile kinashikwa na nini: pini moja, unaizungusha, unaivuta, kinatoka. Sasa kitu kinachotoka kila ukisafisha silaha mnakipaje kazi ya kubeba shabaha?

1. Anzeni na kishikio kinachoibana darubini kwenye bunduki, darubini baadaye. Ninyi swali lenu la kwanza ni inakuza mara ngapi. Na mimi ndilo nililouliza, na jibu lake nimelibeba hadi leo.

Kulikuwa na mamba kwenye mwalo mmoja wa wavuvi wa Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Alikuwa ameshachukua mbuzi na mbwa, kina mama wakawa wanachota maji huku mmoja amesimama na fimbo. Nikapangiwa mimi. Nilikuwa na SAR yangu na darubini juu ya kifuniko, na renji ya siku mbili kabla nilikuwa nimeweka risasi tano ndani ya kiganja kwa mita 100. Tukavuka kwa mtumbwi wa injini, ziwa limechafuka, mawimbi yakatulowesha sisi na silaha. Usiku nikafanya nilichofundishwa: nikafungua, nikakausha, nikapaka mafuta, nikarudisha kifuniko, nikazungusha pini. Skrubu za darubini sikuzigusa. Nikalala nikiamini ziro yangu ipo, yaani darubini inalenga palepale risasi inapopiga.

Asubuhi alikuwa juu ya mwamba, mita 60, ameachama mdomo. Hakuna upepo. Nikaweka msalaba nyuma ya jicho, nikashusha pumzi, nikavuta. Kilichoruka ni vipande vya jiwe juu ya mgongo wake. Aliteleza majini bila hata kurusha maji.

Nilikaa palepale mchangani, nikaibana darubini kwa kidole gumba. Ikaita tik. Nikaachia, tik tena. Ule mchezo haukuzidi unene wa karatasi. Fanyeni hesabu: karatasi ni kama milimita 0.1, na kwenye kishikio cha urefu wa sentimita 10 hiyo ni sentimita 10 kwa mita 100, sentimita 6 kwa mita 60. Ubongo wa mamba ni mdogo sana. Sentimita 6 ni nje kabisa.

Shabaha ya chuma, ile ya kulengea inayokuja na bunduki yenyewe, isingenikosesha kwa umbali ule, lakini darubini ilikuwa imeiziba. Na ningepiga risasi moja tu ya kuhakiki jioni ile baada ya kufunga silaha, ningejua. Niliona haya kuwashtua watu wa mwalo.

Baada ya siku kumi na moja yule mamba alimkamata kijana aliyekuwa anasuuza nyavu. Wenzake walimpigania kwa makasia wakamtoa, mkono wa kushoto chini ya kiwiko ukabaki ziwani. Nilikwenda kumwona hospitalini. Aliniuliza, "Afande, ni yuleyule?" Nikamwambia ndiyo, ni yuleyule. Akageuza uso ukutani. Mama yake ndiye aliyenipa kiti.

Ndiyo maana wiki iliyopita niliwafokea. Sikuwa na hasira na ninyi.

2. Kishikio kizuri cha SAR ni cha ubavuni, kinachokaa kwenye chuma cha mwili wa bunduki upande wa kushoto, kifuniko kikabaki huru kutoka na kurudi. Ila bunduki inabidi itobolewe matundu, na hiyo ni kazi ya fundi silaha kwa kibali cha maandishi. Nimewahi kumkuta kijana anataka kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea mageti! Bunduki ni mali ya serikali, ina namba, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo. Kibali kikikosekana, bakini na shabaha ya chuma. Simonov, Mrusi aliyeibuni, aliichora SAR mwaka 1945 na shabaha hiyo, na kwa umbali wetu wa mialoni inatosha.

Futeni mafuta kwenye skrubu kwa spiriti, tieni tone la gundi ya skrubu, kisha chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kishikio. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Ile chupa ndogo nyekundu mnayoiona kwenye mkoba wangu ni ya kazi hiyo.

3. Darubini: mara 4 inatosha. Sisi kazi yetu ni alfajiri na magharibi, kwenye matete. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji: 32 kwa 4 unapata milimita 8 za mwanga jichoni, 32 kwa 9 unapata kama tatu na nusu, ndiyo maana mlikuwa mnalalamika giza saa kumi na mbili asubuhi. Izamisheni kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu. Ikitoa mapovu, unyevu wa ziwa utaingia nayo itafanya ukungu. Na ikikaa juu ya kifuniko inazuia klipu ya kujazia risasi kwa mkupuo, mtajaza risasi kumi mojamoja, na maganda yataigonga. Geuzeni zenu mtazame chini yake. Mikwaruzo ile si ya begi.

4. Kiegemeo cha shavu. Kitako cha SAR kimekatwa chini kwa ajili ya shabaha ya chuma. Ukiweka darubini, shavu linaning'inia na mnalenga kwa kidevu. Chukua soli ya ndala kuukuu, ikate urefu wa kiganja, ifunge juu ya kitako kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliochanwa utepe. Fumba macho, laza shavu, fumbua. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi mwandamo pembeni, jicho halipo katikati: ongeza soli au punguza. Kivuli kikizunguka pande zote, jicho liko karibu au mbali mno, sogeza darubini. Msizibe mlango wa vifaa vya kusafishia nyuma ya kitako.

5. Kliki moja ya kirekebishi cha darubini, ya robo dakika ya pembe, inasogeza shabaha milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni chini ya milimita 2. Kwa hiyo kijana aliyezungusha nne akasema darubini mbovu, darubini ni nzima.

6. Kiboko hapigwi kwa SAR, uwe na darubini usiwe nayo. Hiyo ni kazi ya bunduki za risasi kubwa, .375 au .458.

Alhamisi nitakuwa renji kuanzia saa moja asubuhi. Wale watatu, njooni na bisibisi, tutazivua kwanza. Soli na mpira ninavyo.