Betri Zinazolala Msimu wa Baridi

Swali: Pikipiki yangu na mashine ya kukatia nyasi hukaa miezi minne ya baridi kali bila kuwashwa, na kila mwaka nakuta betri zimekufa. Nifanyeje?

Jibu: Zichaji zijae kabla ya kuzihifadhi, kwa kuwa betri ya asidi iliyojaa haigandi kwa urahisi, ilhali iliyoisha chaji huweza kuganda na kupasuka nyuzi chache tu chini ya sifuri. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na unga mweupe ulioshika vichwani usugue kwa brashi. Kila mwezi pima: betri ya volti 12 ikishuka chini ya 12.4, ichaji mara moja, maana salfeti, yaani fuwele zinazojengeka betri ikikaa bila chaji, ikishakuwa ngumu kwenye mabamba ya madini ya risasi yaliyo ndani haitoki. Iliyoganda, nakusihi, usiichaji kamwe.