Maswali ya Wasomaji: Chubwi zenye mikunjo

SWALI: Ndugu Mhariri, nina tanuri dogo la umeme la kuyeyushia madini ya risasi, lile lenye tundu la kumwagia kwa chini, na ninasubu chubwi za mishipi yangu ya kuvulia kutokana na vyuma vya kusawazishia magurudumu ya magari. Chubwi zinatoka na mikunjo, na pembe zake hazijai. Nimezungusha swichi ya joto hadi mwisho, lakini nafuu niliyopata ni ndogo, na juu ya risasi sasa hutanda utando wa njano na zambarau kila nikiukwangua. Kazi naifanyia jikoni, dirisha likiwa wazi. Mke wangu anasema moshi huo utatuua. Je, ni kweli?

JIBU: Mkeo ana haki, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na haichemki mpaka ifike 1,749, kwa hiyo katika nyuzi 380 au 400, ambazo zinatosha kabisa kusubu chubwi, mvuke wake ni mdogo sana. Moshi unaouona kwa kawaida ni wa mafuta, rangi na uchafu ulioshikamana na vyuma vyako. Nao si wa kuvutwa, lakini sumu kubwa iko kwenye ule unga wa kijivu na njano unaoukwangua juu. Hiyo ni oksidi ya risasi, laini kama vumbi la chokaa, ambayo hukaa mezani, kwenye vidole, kwenye mikono ya shati, na hatimaye huingia mdomoni pamoja na tonge. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kadiri unavyoongeza joto ndivyo unga huo unavyozaliana, maana yake swichi uliyoizungusha kutafuta chubwi nzuri imekuwa ikikutengenezea sumu.

Basi toka jikoni leo, wala usiridhike na dirisha. Fanyia kazi nje, penye paa lisilovuja, upepo ukitoka mgongoni mwako. Vaa miwani ya kinga, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu na barakoa ya kichujio cha vumbi laini, kwani kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa chenye maji wala usifagie pakavu, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na nguo zifuliwe peke yake. Unga uutie kwenye kopo lenye kifuniko. Chungu au kijiko kilichogusa risasi hakirudi tena kupikia.

Sasa mikunjo. Mara nyingi kosa si la risasi bali la kalibu, yaani kile chombo cha chuma unachomiminia risasi ipate umbo la chubwi: chuma baridi huigandisha risasi kabla haijaenea, na kila tabaka likaganda juu ya jingine. Iweke kalibu ukingoni mwa tanuri ipate joto, kisha subu mara nane au kumi bila kupumzika, ukizirudisha chunguni zile za mwanzo. Chubwi ikianza kuwa na weupe kama umande, kalibu imezidi joto, ngoja kidogo. Mafuta yaliyobaki ndani ya kalibu mpya nayo huleta mikunjo ileile. Yaoshe kwa sabuni na uikaushe hadi ndani kabisa.

Ninashuku pia zinki. Baadhi ya vyuma vya magurudumu si risasi bali zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 419. Tanuri likiwa chini ya nyuzi 400, zinki huelea ikiwa bado ngumu nawe unaiokota kwa koleo. Ukiipeleka swichi mwisho, huyeyuka, ikachanganyika, na chungu kizima kikawa kizito kama uji usiotaka kujaza pembe. Nunua kipimajoto cha kuchovya, kwa kuwa tarakimu za swichi ni za kukisia tu, na vyuma vyote vitie chunguni wakati tanuri lingali baridi. Hilo litakuokoa na janga jingine: tone moja la maji likinaswa chini ya risasi hugeuka mvuke papo hapo, likapanuka zaidi ya mara elfu moja na kuirusha risasi usoni pako. Sahani za betri za magari usizitie kamwe. Zina asidi, na mchanganyiko wake unaweza kutoa gesi ya sumu.

SWALI: Tanuri langu linadondosha risasi tunduni hata nikiwa nimelifunga. Nibadilishe nini?

JIBU: Pengine hakuna cha kubadilisha. Ni chembe ya uchafu iliyokaa kati ya ufito wa kufungia tundu na kiti chake, yaani pale ncha ya ufito inapokaa kuliziba tundu. Risasi ikiwa bado moto, uzungushe ufito huo huku na huku kwa bisibisi ndefu ukiwa umevaa glavu, chembe itatoka. Ikirudia kila wiki, risasi yako ni chafu: iyeyushe na kuisafisha kwanza katika chungu kingine, ukiikoroga na kipande kidogo cha nta (kitawaka moto, usishtuke, ila simama mbali), ukwangue uchafu, ndipo uitie kwenye tanuri la kumwagia.